Jibu la Pole

Chiriku alianza kumkera Bi Sikudhani kabla hata hajatoka nje ya uwanja wa ndege.

Jina lake hasa si chiriku. Pale dirishani walipomgawia kile kidude walikiita mkalimani: kidogo kama punje ya hindi, kinajibandika nyuma ya sikio, na kila mgeni anayeingia mji wa Saebyeol lazima akivae kama wenyeji wake, apende asipende. Lakini Bi Sikudhani binti Mbaruku, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, hakuona sababu ya kukipa heshima ya ukalimani kitu kisichojua kunyamaza. Kila kibao kilimsomea, na kila tangazo kililitafsiri. Hata fagio lililokuwa likijiendesha peke yake lilipompisha njia na kumwinamia, chiriku alimnong'oneza, "Fagio linakutakia siku njema."

"Nalo fagio nalo!" alisema Bi Sikudhani. "Haya, marahaba."

Ndege ya jua iliyomtoa Dar es Salaam ilitua asubuhi, na ile ya kumpeleka Auckland ingeondoka alasiri. Ndege hizi hazina kelele wala moshi, ila huruma pia hazina. Huondoka mara moja kwa wiki, betri zilizo mbawani zikishashiba jua, na aliyechelewa atalala mjini humo mpaka wiki nyingine. Bi Sikudhani hakuwa na wiki nyingine. Binti yake, Tumu, alikuwa ajifungue kwa kupasuliwa keshokutwa. Mumewe Tumu yuko Antaktika anapima barafu, na njia ya kutoka huko imefungwa mpaka majira yabadilike. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa ameshafariki. Mara hii Tumu aliomba jambo moja tu: "Mama, safari hii usinishike mkono kwa simu. Uwepo."

Basi Ngamiani nzima ilimpa hongera. Hongera Bi Sikudhani, unakwenda kupakata mjukuu! Hongera, utavuka bahari! Naye alicheka na kila mmoja, akafunga vifurushi vyake: kanga doti tatu za kumfungia mzazi tumbo, pilipili manga ya uji, na mdalasini. Hofu yake akaikunja, akaiweka chini kabisa ya begi, asiione mtu.

Na kwa kuwa mtu mwenye hofu hawezi kukaa kitako saa zote hizo akitazama ukuta, akasema, aa, siwezi kufika mji wa watu nikaondoka sijaukanyaga. Akatoka.

Mji ulikuwa mzuri, asikudanganye mtu. Umejengwa juu ya bahari, na madaraja yake yana bustani na maduka. Barabara za watembea kwa miguu zinajiendea zenyewe. Wewe unasimama tu, unachukuliwa kama gunia la mchele. Alipita duka linalouza soksi tupu. Alipita mahali panaponuka samaki wakavu, harufu ile ile ya soko la Mgandini, akasimama kidogo pale akijisikia yuko nyumbani.

Kilichomshangaza ni ukimya. Watu walikuwa tele, lakini hakuna aliyesema na mwenzake. Kijana mmoja mtanashati akamkanyaga mguu, tena kisawasawa, kisigino chote. Akageuka, akainamisha kichwa kidogo, akaenda zake.

"Hata samahani?" Bi Sikudhani alimuuliza chiriku. "Kanikanyaga kama kakanyaga mkeka, hata samahani?"

"Hajasema neno," alijibu chiriku, kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

Hapo ndipo barabara ikashtuka. Ilikwama ghafla, ikaondoka tena, na mama mmoja mtu mzima aliyesimama hatua chache mbele akaanguka chini pwaa. Alikuwa amebeba hotpoti. Kifuniko kikaruka, supu ya kijani ikamwagika barabarani na nyingine ikamrukia mkononi. Watu wakamwachia nafasi. Walijitenga naye pande zote kwa adabu kabisa, wakatazama majengo, na fagio likaja mbio kufuta supu.

Bi Sikudhani hakungoja. Alitupa mkoba, akapiga magoti, akamnyanyua yule mama kwa makwapa, akaushika ule mkono uliomwagikiwa na kuupuliza.

"Pole mama! Pole sana! Jamani, pole, umeumia?"

Watu wote wakageuka. Wewe ungedhani katukana. Chini ya miguu yake barabara ikawaka duara la rangi ya manjano, na lilipowaka, ikasimama kabisa. Yule mama aliyeanguka alimkodolea macho Bi Sikudhani, na machozi yakaanza kumtoka, si ya mtu aliyeungua mkono.

"Chiriku," Bi Sikudhani alisema polepole, "umewaambia nini watu hawa?"

"Nimefikisha maneno yako kama yalivyo. Umesema: Nimekosa, mama. Nimekosa sana. Enyi watu, nimekosa."

"Toba yarabi!"

*

Nyumba ya Maneno, walikopelekwa kujibu shauri hilo, haikuwa mbali na uwanja wa ndege, na hilo ndilo lililokuwa faraja pekee. Waliwaketisha wote wawili katika chumba cheupe chenye meza, na juu ya meza likawaka duara lile lile la manjano. Afisa aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, aliyejitambulisha kwa jina la Baek. Chiriku alitafsiri kote kote.

"Jina lako, mgeni?"

"Sikudhani."

Afisa Baek akamsikiliza mkalimani wa sikioni mwake, akakunja uso. "Hukudhani nini?"

"Naitwa Sikudhani."

"Naelewa kwamba hukukusudia. Hilo tutalifikia. Naomba jina."

"Mwanangu, ndilo jina! Baba yangu alikuwa ameshakata tamaa ya mtoto, nilipozaliwa akasema, sikudhani. Ningekuwa nimekuja kujitetea ningejitetea vizuri zaidi ya hapo."

Afisa Baek aliandika kwa muda mrefu kuliko jina lenyewe. Kisha akaeleza, na alieleza kwa upole, hakuwa mtu mbaya. Zamani, mji ulipoanza kujazwa magari yasiyo na dereva, barabara zinazojiendea na mikono ya chuma, ajali zilitokea na hakuna aliyejua kosa ni la nani. Mwenye gari alimsukumia aliyelitengeneza, aliyelitengeneza akamsukumia aliyelifundisha njia, na kesi zikarithiwa na wajukuu. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Neno la Kwanza. Kila neno linalopita katika mkalimani au katika kuta za mji linahifadhiwa ghalani. Mashine inapima sauti na mapigo ya moyo ya msemaji, inajua kama neno limetoka ndani au mdomoni tu. Anayekiri wa kwanza ndiye anayebeba kosa, na mambo yamekwisha.

"Na lako," alisema Afisa Baek, "mashine imelipima. Limetoka ndani kabisa. Sijawahi kuona kipimo kama hiki."

"Lazima litoke ndani! Mtu kaanguka! Lakini mimi sikusema nimekosa. Nilisema pole. Pole si nimekosa. Pole ni pole!"

Afisa alisikiliza, akatikisa kichwa. "Unasema: Nimekosa si nimekosa. Nimekosa ni nimekosa."

Bi Sikudhani alishika kichwa. Alijaribu tena, safari hii kwa kuzunguka. Pole ni kama kumwambia mtu nimekuona. Mwenye homa anapewa pole, mfiwa anapewa pole, hata anayetoka kazini au safarini anapewa pole, na hakuna aliyemtuma safari. Chiriku alitafsiri yote hayo, na kila alipofika kwenye neno lenyewe alilikuta ghalani kwake limekaa chumba kimoja na kosa, akalitoa hivyo hivyo.

"Sheria inasema ubaki mjini mpaka madhara yapimwe," alisema Afisa Baek. "Siku kadhaa. Lakini usiogope. Ipo njia fupi, na wageni wote huitumia. Unasema mbele yangu: Neno langu lilikuwa tupu. Mashine inalifuta ghalani, inalifuta na katika sikio la aliyelisikia. Shauri linakwisha. Ndege yako utaiwahi."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Alhamdulillahi. Si mngeniambia mapema! Haya, nasema..."

"Samahani," alisema yule mama aliyeanguka.

Afisa Baek alishtuka kama aliyesikia bastola, kwa kuwa neno hilo halisemwi. Yule mama hakumjali. Alikuwa anaitwa Eunju, mkono wake umefungwa bendeji, na muda wote huo hakuwa ameondoa macho kwa Bi Sikudhani.

"Najua hukunikosea kitu," alisema Bi Eunju. "Barabara ndiyo iliyonitupa. Lifute neno lako, una safari. Ila kabla hujalifuta, naomba niambie tena mara moja. Niliposikia nilikuwa chini, sikusikia vizuri."

Bi Sikudhani alimtazama. "Kwa nini, dada?"

Bi Eunju akaeleza. Alikuwa na binti, jina lake Sora, aliyeuawa na gari lisilo na dereva kwenye daraja alilokuwa analiendea leo. Leo ingekuwa siku yake ya kuzaliwa. Kwao, mwanamke akijifungua hupewa supu ya mwani kumrudishia nguvu, na kila siku ya kuzaliwa mtoto hupikiwa supu ile ile, akumbuke mama yake alivyoumia. Kila mwaka yeye huipika na kuipeleka darajani.

"Alipokufa walikuja wote," alisema Bi Eunju. "Wenye gari, wenye barabara, majirani, walimu wake. Wakainama sana. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza. Mume wangu ndiye aliyemwambia Sora avuke upande ule siku hiyo. Nilimwona usiku na mchana neno limemkaa kooni, na alikufa nalo. Leo wewe umepiga magoti barabarani ukaniambia mbele za watu, na hunijui."

Hata chiriku alinyamaza, na huo ukawa muujiza wa siku ile.

*

Simu ya Bi Sikudhani ikaita. Alikuwa Tumu.

"Shikamoo mama. Umeshapanda?"

"Marahaba mwanangu. Bado." Akamweleza kwa kifupi, akijaribu kuifanya ichekeshe, barabara na duara la manjano na jina lake. Tumu hakucheka.

"Mama. Hilo neno lifute."

"Nitalifuta."

"Ni neno tu. Humjui yule. Mimi naogopa, mama, kila wakishindwa kulisikia pigo la moyo wa mtoto haraka nahisi nakufa. Lifute uje."

"Nakuja, mwanangu. Tulia. Nakuja."

Akakata simu, akamgeukia Afisa Baek akiwa ameshaamua. Na nani angemlaumu? Damu ni nzito kuliko maji, na mtoto wako ndiye wako. Akafungua mdomo aseme neno langu lilikuwa tupu. Mdomo ukafunguka, neno lisitoke.

Maana alimwona Tumu. Si huyu wa Auckland, yule aliyerudi Ngamiani baada ya kumzika mtoto ambaye hakuwahi kulia, amekaa mkekani, macho makavu, hali wala hanywi. Na wanawake wa mtaa mzima wakiingia mmoja mmoja, hodi, wakimshika mkono, pole mwanangu, pole mama, pole. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kosa. Tumu alimjibu kila mmoja vile inavyojibiwa. Siku ya kwanza alijibu kwa sauti isiyosikika. Siku ya tatu ilisikika, na jioni yake aliomba uji. Sasa mtu aje aingie mlango ule, mmoja baada ya mwingine, awanyang'anye wale wanawake pole zao, aseme zilikuwa tupu?

"Silifuti," alisema Bi Sikudhani.

Afisa Baek alidhani hakusikia vizuri. "Ndege itakuacha."

"Najua itaniacha."

"Binti yako..."

"Usinikumbushe binti yangu, nimemzaa mimi!" Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kwa hasira, maana alikuwa anajichukia na hawezi kufanya vinginevyo. "Nitampigia nimwambie mwenyewe. Atanuna, ana haki ya kununa. Lakini huyu mama nimempa pole ya kweli, kwa macho yangu na mikono yangu. Siwezi kumwambia mfiwa kwamba pole yake ilikuwa tupu. Kwetu mtu hafanyi hivyo hata kwa adui."

Akamwendea Bi Eunju, akavuta kiti, wakakaa magoti kwa magoti.

"Sikiliza, dada. Kwa kuwa sasa sina haraka tena, tulimalize vizuri. Pole ina jibu lake, haiachwi inaning'inia. Mimi nikisema pole, wewe unasema nimeshapoa."

"Ni-me-cha..."

"Nimeshapoa."

"Maana yake nini?"

"Kwamba moto ulionichoma umeshapoa."

Bi Eunju alitazama bendeji yake, kisha akatazama mahali pengine, mbali. "Haujapoa," alisema. "Siwezi kusema uongo katika chumba hiki."

"Nani kakwambia umepoa? Hakuna anayejibu akiwa amepoa! Mtu anajibu kidonda kinavuja damu. Unamwambia mwenzio tu kwamba nimekusikia, umenipunguzia mzigo, sasa nenda zako salama." Akaishika mikono yake yote miwili. "Pole, dada yangu. Pole kwa Sora. Pole na mzee wako. Pole sana."

Bi Eunju alilia kwanza. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu wa Ngamiani, na Afisa Baek akageukia ukutani akajifanya anasoma kitu. Alipomaliza, alikaa wima, akavuta pumzi, akalisema neno pande pande kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Ni-me-sha-po-a."

Chiriku akalipokea. Akaingia ghalani kwake, na kama kawaida yake akatoka na neno zima zima lilivyo, akalisoma kwa ile sauti ya taarifa ya habari, mbele ya kuta zote za Nyumba ya Maneno.

Afisa Baek aligeuka. Akatazama mezani, ambako duara la manjano lilikuwa limezimika.

"Aliyeumia amesema amepona," alisema taratibu, kama anayesoma maandishi ya mtu mwingine. "Mashine imelipima. Limetoka ndani. Pasipo madhara, hakuna cha kubeba." Alitazama tena, kuhakikisha. "Lako halikufutwa. Lipo ghalani, na jibu lake pembeni. Sijui... hakuna aliyewahi kujibu."

Bi Sikudhani hakuelewa mpaka Afisa Baek alipomkamata mkono na kumsimamisha.

"Mama, ndege! Mbio!"

*

Bi Eunju alikataa kubaki. Njiani, ndani ya kigari kilichowapeleka uwanjani, alikisimamisha mbele ya duka, akashuka na mguu wake ulioumia alipoanguka, akarudi na kifurushi cha mwani mkavu. Akamwekea Bi Sikudhani mapajani, akajishika tumbo, akaonyesha mtu anayekunywa.

"Ya mzazi," alisema Bi Sikudhani. "Nimekuelewa. Mwanangu ataniuliza nimemletea majani gani haya, lakini atakunywa. Nitamtilia na pilipili manga."

Mlangoni abiria wa mwisho walikuwa wanapita. Sheria ni kwamba mgeni anarudisha mkalimani kabla ya kuvuka. Bi Sikudhani alimbandua chiriku nyuma ya sikio, akamtia katika kisahani. "Haya, chiriku, kwaheri. Umeniponza, na umeniponya," alimwambia.

Akageuka kuaga, na hapo akakuta Bi Eunju naye ametoa chake sikioni. Alikuwa amekifumba kiganjani. Hakukuwa na mtu wala ukuta wa kuwatafsiria.

Bi Eunju alimsogelea. Alikuwa amesikia maneno yote ya simu ile upande wa Bi Sikudhani, na kumsikia akisema tulia, nakuja, kwa sauti ambayo mama mwingine yeyote angeitambua. Alimshika uso kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule wenye bendeji.

"Po-le," alisema. Kisha akarudia, vizuri zaidi. "Pole, mama."

Bi Sikudhani alitaka kucheka. Tangu Tanga hadi hapo alikuwa amepewa hongera na kila mtu, hongera hongera, mpaka kwenye ngazi ya ndege, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia akaona kwamba anaogopa. Aliogopa kwamba atafika, atamshika mwanawe mkono, na yale yale yatatokea tena mbele ya macho yake. Hofu aliyoikunja chini ya kanga na mdalasini ikapanda yote kwa pamoja, na akalia pale mlangoni kama mtoto, kichwa begani kwa mwanamke ambaye asubuhi hakuwa akimjua.

Mhudumu akaita jina lake, akalikosea. Bi Sikudhani akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akakiweka kifurushi cha mwani vizuri kwapani, na akamtazama Bi Eunju.

"Nimeshapoa, dada," alisema.

Hakuwa amepoa hata chembe, na wote wawili walilijua hilo. Akapanda ndege.